Mate ya Namba Kumi na Saba

3 Machi

Mvua imeanza leo, na leo hiihii kaka yangu ameingia kwenye maabara yetu kwa miguu yake mwenyewe. Mguu mmoja na nusu, niseme ukweli, maana wa kushoto anauburura.

Daftari hili lilikuwa la kuandikia joto la friji. Friji mpya inajiandikia yenyewe, kwa hiyo kurasa zimebaki, nami nina mambo ambayo siwezi kumwambia mtu. Kazi yangu ni kupima mate. Daktari wetu anafanya utafiti wa wavutaji arobaini wanaotaka kuacha sigara. Kila mmoja anatema kwenye kichupa, mimi naangalia ini lake linavunja nikotini kwa kasi gani, kisha anapewa dawa inayolingana na kasi hiyo. Tunawaita kwa namba, majina hatuyatumii.

Asubuhi Daktari aliuliza, "Kuna mtu humu ana ndugu, jirani au mchumba kwenye orodha? Aseme sasa, nimtoe kwenye kazi hii." Wenzangu wakacheka kwa hilo la mchumba. Mimi nilikuwa nimeinama natafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwangu.

Namba kumi na saba. Seremala, miaka hamsini na moja, sigara thelathini kwa siku. Nikamkabidhi kichupa. "Tema mpaka kwenye mstari."

"Asante, sista," akasema, kama mtu asiyenijua. Amenisitiri mbele ya Daktari, na hilo nalo limeniudhi.

4 Machi

Mvua. Dari inavuja juu ya sinki, afadhali si juu ya mashine.

6 Machi

Mama amenipigia. Anasema ni yeye aliyemtuma. "Bingwa wa mishipa kamwambia akae wiki nane bila sigara ndipo amfanyie upasuaji wa mguu. Asipoacha, hamgusi, na mguu utakatwa juu ya goti. Seremala wa mguu mmoja, mwanangu! Msaidie kaka yako."

"Namsaidia, Mama," nikasema.

Tangu tumzike Kitinda sijamsalimia kaka, na ni miaka miwili. Kitinda ndiye aliyekuwa wa mwisho kwetu, akafa kwa saratani ya mapafu akiwa na miaka arobaini na miwili, kilo thelathini na nane, anaomba dirisha lifunguliwe na dirisha liko wazi. Nilimwosha uso mwenyewe. Siku ya maziko nilisimama mbele ya watu nikamnyooshea kaka kidole: "Wewe ndiye uliyemfundisha. Niliwaona nyuma ya karakana, alikuwa na miaka kumi na moja, ulimshikia kiberiti." Watu wote walisikia, na Mama alisikia. Kaka aliangalia viatu vyake, hakujibu neno. Mtu asiye na hatia angejibu.

Kwa hiyo, Mama, nitamsaidia vilivyo.

11 Machi

Majibu yametoka. Niyaandike taratibu, maana siku ya leo nataka kuikumbuka.

Nikotini ikiingia kwenye pafu inafika ubongoni kabla hujahesabu ishirini. Kule inakuta vipokezi vyake, inakaa, na ubongo unamwaga ile kemikali ya raha. Vipokezi vikizoea, vinaongezeka. Vikikosa, vinapiga kelele kama vifaranga. Anayeamua vitapiga kelele baada ya muda gani ni ini, kwa kimeng'enya kimoja ambacho mtu anarithi jeni zake kwa baba na mama. Kuna watu ambao ini lao ni la polepole, sigara moja inawatuliza nusu siku. Kuna wa haraka, wanaimaliza nikotini kama moto unavyomaliza karatasi, na baada ya dakika arobaini wanaitafuta tena. Wa polepole anatosheka na plasta ya kubandika begani. Wa haraka plasta haimtoshi, ini linaila huku inaingia. Huyo anafaa kupewa vidonge, ambavyo vinakalia vipokezi bila kupitia mlango huo wa ini. Na ukimpa wa polepole vidonge, mara nyingi unamtesa kwa kichefuchefu bure.

Ndivyo Daktari anavyowagawa, plasta kwa wa polepole, vidonge kwa wa haraka. Anayempelekea mfamasia orodha ni mimi.

Namba kumi na saba ni wa haraka kuliko wote arobaini. Nilirudia kupima mara mbili. Namba ishirini na tatu, fundi wa saa mwenye miwani mizito, ni wa polepole kabisa.

Sheria yetu ni lebo kwanza, mate baadaye. Kichupa hakitiwi mate kabla hakijabandikwa namba. Sheria hiyo inamzuia mtu mzembe. Haimzuii mtu mwenye dakika mbili, lebo za akiba kwenye droo, na kaka kama wangu. Nilibandua za zamani kwa mvuke wa birika la chai, nikabandika mpya, na kwenye orodha nikayabadilisha majibu vivyo hivyo. Kumi na saba akawa ishirini na tatu, ishirini na tatu akawa kumi na saba.

Sikumwongezea sumu, wala sikumnyima dawa. Nimempa plasta tu, aipate joto ya jiwe. Atashindwa mbele ya Daktari, mbele ya bingwa, mbele ya Mama, na safari hii ataona wanavyomwangalia.

12 Machi

Nimekula vizuri leo, mara ya kwanza tangu sijui lini.

19 Machi

Siku ya kuanza. Walipanga foleni kwenye korido, koti zao zinachuruzika maji, wengine wanamalizia ya mwisho chini ya upenu. Fundi wa saa alipokea vidonge vyake akavihesabu kimoja kimoja kama skrubu. Kaka alipokea boksi la plasta, akaligeuza. "Ni hizi tu?"

"Nguvu ni kubwa," mfamasia akamwambia. "Wewe bandika, uamue."

"Nimeshaamua," kaka akasema. Aliponipita alisema kwa sauti ya chini, "Nitaacha, mdogo wangu. Utaona."

Nilijitia hamnazo, nikapanga vichupa ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

20 Machi

Mvua kutwa.

23 Machi

Siku ya nne. Kupuliza kwenye kipimo cha moshi wa pumzi: mdogo sana, sifuri na kitu. Hajavuta! Nilikunja uso mpaka nesi akaniuliza kama jino linaniuma.

Lakini mikono yake. Kidole gumba kimefungwa kitambaa. Alimweleza Daktari, "Nimekosea randa. Sikuwahi kukosea randa tangu nina miaka ishirini." Anatafuna vijiti vya mbao. Usingizi hakuna. Amemfukuza fundi mwenzake kwa kosa la kupiga mluzi.

Nikasema moyoni, vifaranga vimeanza.

28 Machi

Fundi wa saa ametapika kwenye ndoo ya mopu. Daktari anamwambia vidonge vina maudhi hayo, avumilie, ale kwanza ndipo ameze. Mzee wa watu aliomba radhi kwa nesi, kisha akaomba mopu apanguse mwenyewe.

Sikumlenga yeye. Atapona akiacha kumeza, hafi.

30 Machi

Ametapika tena.

4 Aprili

Daktari ameleta kipimo kipya cha jeni, cha kupima si ini bali vipokezi vyenyewe. Tulihitaji mtu asiyevuta wa kujaribia mashine, nikajisugua shavu kwa pamba mwenyewe.

Kuna jeni moja inayotengeneza kipande cha kipokezi kinachosema "tosha". Kwa mtu wa kawaida, nikotini ikizidi, kipande hicho kinamletea karaha, anazima sigara. Ikiwa na hitilafu, karaha haiji, mkono unawasha nyingine. Mtu anaweza kurithi hitilafu hiyo kwa mzazi mmoja au kwa wote wawili.

Mimi ninayo kwa wote wawili.

Daktari alifurahi kama aliyeokota kitu. "Wewe! Ungeonja tu, ungekuwa unafuka kama jiko. Nini kilikuokoa?"

"Malezi," nikajibu.

Ni kweli. Mimi nilikataa. Kama nimeweza mimi mwenye damu hii, kaka naye angeweza, na angeweza kumwacha Kitinda. Nilirudi nyumbani na hasira mpya, safi, kama iliyotoka kufuliwa. Baba yetu alivuta mpaka siku aliyokufa, Mama hakuvuta lakini ndugu zake wote walivuta. Damu ni ileile. Kinachotutofautisha ni roho, na ya kaka ni mbovu.

9 Aprili

Wiki tatu. Kipimo bado kinasoma safi. Anabandika plasta anavyoambiwa, anakonda, macho yamezama. Mama ananipigia kila asubuhi kunisifia jinsi kaka anavyojitahidi. Siku hizi namjibu kwa mkato.

Mbona haanguki?

15 Aprili

Ameanguka.

Saa nne asubuhi alipuliza, namba ikapanda, ikapanda, ikagota kumi na nane. Asiyevuta hapiti sita. Bingwa wa mishipa alikuwa amekuja mwenyewe kuangalia maendeleo, amesimama pale na faili kwapani. Nilikuwa kwenye kona na trei yangu. Nilikuwa nimeipanga siku hii kichwani mara mia, na ilikuja kama nilivyoipanga, hata kiti alichokalia kaka.

"Lini?" akauliza Daktari.

"Juzi. Moja. Halafu jana..." Akagusa plasta begani. "Jana sikuhesabu."

Bingwa akafunga faili. "Mzee, mimi siwezi kuweka mshipa mpya kwenye mguu unaovuta moshi. Unaziba ndani ya mwezi. Nilikueleza kwa lugha rahisi."

"Ulinieleza, Daktari."

"Sasa unataka mguu au unataka sigara?"

"Nataka mguu," kaka akasema, na akaanza kulia. Si kulia kwa mwanaume kwa kupangusa pua na kugeuka ukutani. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, mbele ya nesi, mfamasia na watu wa foleni. "Nataka mguu! Sijui nina nini mimi. Wenzangu wanaweza. Yule wa duka la nguo ameweza, na yule dada wa benki. Mimi nabandika hiki kitu, ikifika saa tatu ni kama sijabandika. Nimemwomba jirani anifungie karakanani kwa nje, akae na funguo. Nikatokea dirishani. Mtu wa miaka hamsini na moja, natoka dirishani na mguu huu!"

Watu waliangalia pembeni, ila mtu mmoja wa foleni alicheka.

Nami nilifurahi. Naandika kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa na sitaki baadaye nijidanganye. Nilimwona Kitinda akiomba dirisha. Nikasema moyoni, haya, na wewe omba.

Jioni Mama alinipigia. Hakulia. Alisema, "Pengine ulisema kweli ile siku ya maziko. Pengine mwanangu huyu ni dhaifu, na udhaifu wake umeniulia mwingine." Miaka miwili nimengojea kuyasikia maneno hayo kwa Mama. Nilisema, "Pole, Mama," nikakata simu.

16 Aprili

Mvua imepungua. Sina hamu ya chai.

17 Aprili

Fundi wa saa amejitoa. Alirudisha vidonge vilivyobaki, vimehesabiwa. "Mikono ilikuwa inatetemeka kwa kutapika, nashindwa kushika kibano," alimwambia Daktari. "Bora sigara, angalau nafanya kazi." Alikuwa anaweza kuacha kwa plasta tu, kirahisi. Najua mimi peke yangu.

20 Aprili

Mama aliniomba nimpelekee kaka dawa ya kidonda. Kidole cha pili cha mguu kimekuwa cheusi. Nilikubali. Nilitaka kumwona akiwa chini, nisidanganye.

Karakana inanuka gundi na moshi. Alikuwa amekaa juu ya kitanda ambacho hajamaliza kukitengeneza, mguu juu ya kopo la rangi. Hakuizima sigara aliponiona. Alipanguza kiti kwa kiganja.

"Karibu. Usikae hapo, pana misumari."

Nilibaki nimesimama. Nikampa dawa. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima, nikayasema: kwamba sasa anajua Kitinda alivyojisikia, kwamba yeye ndiye alianza yote, kwamba mtoto wa miaka kumi na moja hajui kiberiti mpaka aonyeshwe.

"Kumi na moja?" Aliniangalia kama anayetafuta kitu usoni mwangu. "Kitinda alianza ana sita."

"Muongo."

"Mdogo wangu, umesahau kweli, au unajisahaulisha?" Hakusema kwa ukali. "Baba alikuwa akirudi kazini anakaa barazani, anatoa sigara, anaita mtoto. Anataka iwashwe jikoni kwenye mkaa, asipoteze kijiti cha kiberiti. Na mkaa hauwashi sigara mpaka uivute. Uvute mara tatu nne, ukimbie nayo isizimike. Mimi nilianza nina tisa. Nilipoanza kufanya kazi kwa fundi, nachelewa kurudi, zamu ikawa yako."

Nilisikia harufu ile. Kabla hajamaliza nilisikia harufu ya mkaa na karatasi ya sigara inayoshika moto, na ladha chungu kwenye ulimi.

"Ulikuwa unakohoa mpaka unatapika," akasema. "Ulikuwa unalia ukisikia mlango. Nikakwambia mwambie Mama. Wewe ukaona njia ya mkato. Ukawa unampa Kitinda. Unamwambia mchezo, tuone nani ataifikisha ikiwa nyekundu. Kitinda akapenda mchezo. Alikuwa hakohoi, yeye."

"Nilikuwa na miaka tisa," nikasema.

"Ndiyo. Sisemi kitu zaidi ya hapo. Ulikuwa na miaka tisa." Akakung'uta majivu sakafuni. "Ile siku uliyotuona nyuma ya karakana, alikuwa anaiba za Baba, nilikuwa nampa yangu asije akapigwa. Nilikosea. Ningemkataza. Lakini kumfundisha, hapana."

"Mbona hukusema makaburini?"

"Niseme nini, mbele ya Mama? Alishapoteza mmoja. Mimi nimeshazoea kunyooshewa kidole, wewe ungevunjika."

Niliondoka bila kuaga. Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani, mvua ikanikuta njiani, sikujikinga.

21 Aprili

Mkaa ulikuwa kwenye jiko la bati lenye mguu mmoja uliopinda. Kitinda alikuwa anachuchumaa mbele yake, mashavu yamejaa. Mimi nilikuwa napiga makofi.

22 Aprili

Nimemwambia Daktari. Lebo, birika, vichupa viwili, na kwamba kumi na saba ni kaka yangu. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akasema, "Toka kwanza." Baada ya saa nzima aliniita. Nimemwaga unga, kama nilivyotarajia, na jambo langu litapelekwa kwenye bodi. Hakupandisha sauti. Aliuliza jambo moja tu: "Ulikuwa unajua plasta haitamshika?"

"Ndiyo sababu."

Fundi wa saa ameitwa, apewe plasta. Kaka ataanza vidonge kesho. Ameambiwa tu kwamba kulikuwa na hitilafu ya maabara. Bingwa amekubali kumpa wiki nane nyingine, ila kidole hakiwezi kungoja. Watakikata Jumatatu, na kuhusu mguu hatoi ahadi.

Daktari aliniomba nisimweleze kaka mpaka bodi ikae. Nikamwambia sitaweza kungoja.

29 Aprili

Kidole kimekatwa jana. Jua kidogo.

30 Aprili

Nimeenda leo mchana. Yuko kwa Mama, wamemtandikia sebuleni, mguu juu ya mito miwili, bendeji nyeupe. Mama alikuwa uani anafua. Nikafunga mlango wa uani.

Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana niliona akitaka kunirushia kitu anirushie vizuri. Nilimwambia ini lake ni la haraka kuliko yote arobaini. Nilimwambia plasta haikuwa na uwezo naye, kwamba nilijua, kwamba nilibadilisha lebo kwa makusudi ili ashindwe, na kwamba kidole kile nimekikata mimi.

Gongo lake la kutembelea lilikuwa karibu na mkono wake. Nililiangalia, na nilitaka alichukue. Kwa roho yangu yote nilitaka anipige.

"Kwa hiyo..." Midomo yake ilitetemeka. "Kwa hiyo si mimi niliyeshindwa?"

Sikumwelewa.

"Zile wiki tatu na siku zake. Nilikuwa nakaa bila kitu? Ni kama bila kitu?"

"Karibu bila kitu. Kwa ini lako, ni karibu bila kitu."

"Na nikaweza wiki tatu!" Akapiga kiganja kwenye godoro. Machozi yalikuwa yanamtoka na anacheka, uso umefunguka kama wa mtoto. "Wiki tatu bila kitu! Nikajua mimi ni takataka, mdogo wangu. Nikajua Mama kazaa mwanaume asiye na uti wa mgongo. Hivi vidonge nina siku ya nane navimeza, nimekaa, sina hata hamu, nikasema nini hiki? Sema tena. Sema si mimi."

"Si wewe."

"Tena."

"Si wewe, kaka."

"Asante," akasema. Kaka yangu akanishukuru. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili yenye makovu ya randa, akaubusu. Nilijaribu kuuchomoa nikashindwa. Nimewahi kuchukiwa, lakini sijawahi kuumizwa kama leo.

Kisha akageuza shingo kuelekea uani, na kabla sijamzuia akaita kwa sauti ya shangwe: "Mama! Mama, acha hizo nguo! Njoo usikie, huyu ana neno la kukwambia!"

"Kaka, tafadhali."

"Mwambie tu lile la ini. Mengine usimwambie. Ya zamani achana nayo."

Mama aliingia akikausha mikono kwenye gauni, povu bado kwenye viwiko. Akatuangalia, mmoja mmoja. Akauliza kuna nini. Kaka alikuwa anatikisa kichwa kidogo, ananionya, bado ananisitiri.

Nikamwomba Mama akae. Nikaanza na jiko la mkaa.